Jordan au LeBron? Kwanza Tukubaliane Tunapima Nini

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na katika ubishi wa nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa nyakati zote, ngozi yenyewe ni takwimu. Shabiki wa Michael Jordan atakutajia fainali sita, ubingwa sita, hakuna aliyoipoteza. Wa LeBron James atakujibu kwa pointi zaidi ya 40,000, idadi ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifikia katika NBA. Wote wanasema kweli, ila hawajibizani. Mmoja anazungumzia ushindi, mwenzake anazungumzia jumla ya kazi ya miaka mingi. Wanaweza kukesha hivyo na kusiwe na aliyemgusa mwenzake.

Ndani ya swali la "nani bora" mna maswali manne. Nani alifika juu zaidi katika miaka yake mizuri kabisa, tuseme misimu mitano hadi saba? Nani alitoa mengi zaidi ukijumlisha miaka yote? Nani alishinda zaidi? Na nani aliubadilisha mchezo, hata waliokuja baada yake wakacheza kwa namna nyingine? Kila swali lina jibu lake, na mara nyingi jina si lile lile. Ubishi huharibika pale mtu anapoanza na swali moja, akibanwa akarukia la pili bila kuaga.

Pete hazitoshi, wala 6 kwa 0 haitoshi

Kama kigezo ni ubingwa tu, mjadala umefungwa tangu 1969. Bill Russell alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 akiwa na Boston Celtics, miwili ya mwisho akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Wanaohesabu pete, zile wanazovishwa mabingwa, huishia kumruka, kisha wanarudi kwenye pete zilezile kumpiga nazo LeBron, mwenye nne. Robert Horry anazo saba, moja zaidi ya Jordan, na hakuna mwenye akili timamu anayemweka juu yake. Pete ni mali ya timu. Zinamwambia mtu kitu ukishajua mwenye pete alibeba mzigo gani.

Kwa upande wa pili, kuzidharau pete za Russell kwa sababu "ligi ilikuwa ndogo" nako kunahitaji hesabu, siyo mdomo. Alipoingia 1956 ligi ilikuwa na timu nane, na kwa miaka mingi Celtics walihitaji kushinda hatua mbili tu za mtoano kuwa mabingwa. Jordan na LeBron walipitia hatua nne. Hilo ni punguzo halali. Lakini timu nane maana yake vipaji havikutawanyika, na kila siku ya pili Russell alikutana uso kwa uso na Wilt Chamberlain au mwingine wa daraja la juu. Punguza, sawa, ila usipunguze hadi sifuri.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Wapo wanaopima wachezaji kwa tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora, wa fainali. Tuzo hiyo ilianza kutolewa 1969, fainali ya mwisho ya Russell, na mara hiyo ilikwenda kwa Jerry West wa Lakers, ambao walishindwa. Kwa kipimo hicho Russell ana sifuri, ilhali tuzo yenyewe tangu 2009 inaitwa kwa jina lake.

Sasa ile 6 kwa 0. Inavutia kwa sababu ni safi, na usafi wake ndio mtego. Inahesabu tu misimu ambayo Jordan alifika fainali na kusahau ile ambayo hakufika. Alitolewa raundi ya kwanza 1985, 1986 na 1987. Detroit Pistons walimtoa miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Orlando Magic walimtoa 1995. LeBron ameingia fainali mara 10, nane kati ya hizo mfululizo kuanzia 2011 hadi 2018, na akapoteza sita. Ukisema 4 kwa 6 ni aibu, umesema kimya kimya kwamba ni heri kutolewa Aprili kuliko kufungwa Juni. Hakuna kocha anayefikiri hivyo.

Lakini hoja hiyo nayo isitumiwe kufunika mambo. Fainali ya 2011 dhidi ya Dallas Mavericks ni doa la kweli: LeBron alipata wastani wa pointi 17.8, na mchezo wa nne akafunga pointi nane tu, akiwa na afya na akiwa na nyota wenzake Dwyane Wade na Chris Bosh. Katika fainali sita za Jordan huwezi kuokota mfululizo wa namna hiyo. Cheki 1993 dhidi ya Phoenix Suns: wastani wa pointi 41.0. Kwa hiyo hoja yenye nguvu zaidi upande wa Jordan ni kwamba hakuwahi kuporomoka katika fainali. Hiyo 6 kwa 0 ni kivuli chake tu.

Pointi 50 za Wilt na kikokotoo

Wanaolinganisha zama huteleza sana hapa. Msimu wa 1961-62 Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, akicheza dakika 48.5 kwa mechi, zaidi ya urefu wa mechi yenyewe kwa sababu ya muda wa nyongeza. Msimu bora wa Jordan kwa ufungaji ni 1986-87, wastani wa 37.1 kwa dakika 40. Tofauti ni pointi 13. Je, Wilt alikuwa mfungaji mkubwa zaidi? Jibu linategemea kitufe unachobonyeza.

Njia ya kwanza ni kuhesabu pointi kwa kila mashambulizi 100 ya timu mchezaji akiwa uwanjani. Mwaka 1962 mpira ulikimbizwa mno. Timu ya Wilt inakadiriwa kushambulia kama mara 130 kwa mechi. Ni makadirio kwa sababu mipira iliyopotezwa haikuandikwa wakati huo. Chicago Bulls wa 1987, timu ya Jordan, walishambulia kama mara 96. Ukigawanya, Wilt anabaki na pointi kama 38 kwa mashambulizi 100, Jordan anapanda hadi kama 46. Jordan mbele, tena kwa mbali.

Njia ya pili ni kuuliza mchezaji alifunga sehemu gani ya pointi za timu ya wastani. Mwaka 1962 timu ya wastani ilifunga 118.8, mwaka 1987 kama 110. Wilt anapata asilimia 42, Jordan asilimia 34. Wilt mbele.

Njia ya tatu inachukua ile ya pili na kuisawazisha kwa dakika 48. Wilt anabaki palepale kwenye 42, Jordan anapanda hadi juu kidogo ya 40. Pengo karibu limekwisha.

Ni wachezaji walewale, misimu ileile, majibu matatu. Sababu inaeleweka. Njia ya kwanza inasahau kwamba mwaka 1962 mitupo iliyoingia ilikuwa asilimia 42.6 tu ligi nzima, hivyo kila shambulizi lilikuwa na thamani ndogo kwa kila mtu, si kwa Wilt peke yake. Ya pili inampa Wilt zawadi kwa kutopumzika, na kwa kweli kutopumzika ni kipaji, ila ni kipaji cha mapafu. Ya tatu inadhani Jordan angeendeleza kasi ileile dakika nane zaidi, jambo ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha. Mtu akikuletea takwimu "iliyorekebishwa kwa zama", muulize kwanza alirekebisha nini na akaacha nini.

Na msimu huohuo wa pointi 50.4, MVP alikuwa Russell. Wakati huo wachezaji wenyewe ndio waliopiga kura. Watu waliolala wakiota viwiko vya Wilt walimchagua mwingine, na huo ni ushahidi ambao hakuna kikokotoo kinachoweza kuutoa.

Kipimo kingine kinachofaa kukijua ni ufanisi halisi wa utupaji. Chukua pointi, gawanya kwa mara mbili ya jumla hii: mitupo ya uwanjani pamoja na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44. Hiyo 0.44 imo kwa sababu si kila mtupo huru unakula shambulizi zima. Miwili kwa kawaida hula moja, na ule wa nyongeza baada ya kikapu hauli kitu. Tujaribu kwenye mechi mbili mashuhuri. Tarehe 2 Machi 1962 huko Hershey, Pennsylvania, Wilt alifunga pointi 100: mitupo 36 kati ya 63, mitupo huru 28 kati ya 32. Ufanisi wake ni asilimia 64.9. Tarehe 22 Januari 2006 Kobe Bryant alifunga 81 dhidi ya Toronto Raptors: 28 kati ya 46, saba kati yake ikiwa ya pointi tatu, na mitupo huru 18 kati ya 20. Asilimia 73.9. Pointi 100 ni nyingi kuliko 81, ila Kobe alitumia nafasi chache zaidi na kuzitumia vizuri zaidi. Bila shaka Wilt hakuwa na mstari wa pointi tatu. NBA iliuleta 1979-80.

Kile ambacho karatasi haikuandika

Mipira ya kupora na mitupo iliyozuiwa haikuhesabiwa hadi 1973-74. Russell alikuwa amestaafu, Wilt alikuwa ameondoka msimu mmoja kabla. Yaani wazuiaji wawili wakubwa wa zama zao hawana hata bloku moja rasmi. Hakeem Olajuwon ndiye anayeshika rekodi, 3,830, na anaistahili, ila rekodi hiyo huanza kusomwa katikati ya kitabu. Ukimtazama Russell kwa takwimu zilizopo utaona mtu wa pointi 15.1 na rebaundi 22.5 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) kwa mechi, aliyetupa kwa asilimia 44, na utajiuliza walimpendea nini. Kazi yake ilikuwa kuzuia, na hasa kuzuia bila kuurusha mpira nje: aliugusa kiasi cha kubaki uwanjani, mwenzake akaudaka, Celtics wakaondoka nao.

Hata takwimu zilizoandikwa ziandikwe moyoni kwa tahadhari. Asisti na mipira ya kupora huamuliwa na jicho la mwandika takwimu wa uwanja wa nyumbani. Msimu wa 1987-88 Jordan alipata mipira ya kupora 259 na bloku 131, akawa MVP, mlinzi bora na mfungaji bora kwa pamoja. Ni msimu wa kutisha. Lakini tofauti kati ya alivyohesabiwa nyumbani na alivyohesabiwa ugenini ni kubwa mno kuielezea kwa mashangilio peke yake. Haimfanyi kuwa mlinzi mbaya. Mikanda ya video ipo, na makocha walimweka kikosi cha kwanza cha walinzi mara tisa. Inamaanisha tu kwamba ile 3.2 kwa mechi isishikwe kama Msahafu.

Mizani yenyewe

Upande wa LeBron una hoja moja ambayo sioni namna ya kuivunja: urefu. Misimu 21 mfululizo, kuanzia 2005 hadi 2025, alitajwa katika vikosi bora vya ligi. Jordan alicheza misimu 15 tu kwa jumla, mechi 1,072, na miwili kati ya hiyo ni ya Washington Wizards ambayo mashabiki wake huisahau makusudi. Rekodi ya pointi 38,387 ya Kareem Abdul-Jabbar ilidumu tangu 1989 hadi Februari 2023 alipoivunja LeBron, na LeBron hakuwa mfungaji kwanza. Ni mpitishaji aliyezidi rebaundi 10,000 na asisti 10,000.

Halafu kuna hoja ya kuondoka. Cleveland Cavaliers walishinda mechi 61 msimu wa 2009-10. LeBron akahama, wakashinda 19 tu, na kuna wakati walipoteza 26 mfululizo. Alipoondoka tena 2018 walitoka 50 wakaanguka hadi 19. Jordan alipostaafu Oktoba 1993, Bulls walitoka ushindi 57 wakabaki na 55. Kwa haraka haraka inaonekana LeBron alikuwa nguzo na Jordan alikuwa paa.

Ila chimba kidogo. Bulls wa 1994 walikuwa na Scottie Pippen katika kilele chake, kocha Phil Jackson kwenye benchi, mfumo wa pembetatu ambao haukutegemea mtu mmoja kushika mpira, na wapya kama Toni Kukoc na Steve Kerr. Msimu uliofuata Horace Grant akaondoka, na Jordan aliporudi Machi 1995 timu ilikuwa na ushindi 34 na vipigo 31. Pamoja naye walimaliza kwa 13 na 4. Timu za LeBron, kwa upande wao, zilijengwa makusudi kumzunguka: yeye anashika mpira, wengine wanasimama pembeni wakisubiri kutupa. Timu ya namna hiyo ukiitoa nguzo haibaki na mpango wa pili. Kuanguka kwake kunapima ukubwa wa mchezaji, ndiyo, na pia kunapima jinsi timu ilivyounganishwa.

Sheria nazo huvutwa kila upande. Wa Jordan husema zama zake beki alimwekea mkono mwenye mpira kiunoni na kumwongoza atakako. Ligi ilikaza sheria hiyo 2004. Kweli. Wanachoacha ni kwamba hadi 2001 ulinzi wa kanda, yaani beki kulinda eneo badala ya mtu, ulikatazwa: timu ingeweza kuwapeleka wanne upande mmoja, ikamwacha Jordan na beki wake peke yao upande wa pili, na msaada ukifika mapema ni kosa. LeBron tangu akiwa kijana amekutana na mabeki waliokwisha jipanga kwenye njia yake kabla hajaanza kukimbia. Kwangu mimi hayo mawili yanakaribia kufutana.

Tutazame nyakati mbili kwa karibu. Tarehe 14 Juni 1998, Salt Lake City, mchezo wa sita. Utah Jazz wanaongoza 86 kwa 83, zimebaki sekunde 41.9. Jordan anakwenda moja kwa moja kikapuni, pointi mbili. Jazz wanampa mpira Karl Malone chini ya kikapu. Jordan, aliyekuwa upande wa nyuma, anaupiga mpira ukatoka mikononi mwa Malone asiyemwona. Haombi muda wa kupumzika. Anapanda uwanja, anamwendea Bryon Russell wa Jazz (si yule Bill), anakata kulia, anasimama ghafla, mkono wa kushoto ukimgusa Russell kiunoni (je, alimsukuma? Utah bado wanasema ndiyo), anatupa. Zimebaki sekunde 5.2, 87 kwa 86. Alimaliza na pointi 45 kwa mitupo 15 kati ya 35, ufanisi wa asilimia 54 kwa ile fomula yetu, si wa kujivunia sana. Pippen alikuwa na mgongo mbovu na akafunga nane tu. Usiku ule hakuwa na ufanisi; alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwapo.

Tarehe 19 Juni 2016, Oakland, mchezo wa saba dhidi ya Golden State Warriors walioshinda mechi 73 msimu wa kawaida. Ni 89 kwa 89, zimebaki chini ya dakika mbili. Andre Iguodala wa Warriors anaruka kuweka mpira, J.R. Smith wa Cavaliers anamlazimisha achelewe kidogo kutupa, na LeBron aliyekuja mbio kutoka nyuma anaubana mpira kwenye ubao. Mwenzake LeBron, Kyrie Irving, ndiye anayefunga pointi tatu za ushindi. Cavaliers walikuwa nyuma 3 kwa 1 katika mfululizo. LeBron aliongoza wachezaji wa timu zote mbili kwa pointi, rebaundi, asisti, mipira ya kupora na bloku. Wanaompinga hukumbusha kwamba kwa Warriors Draymond Green alifungiwa mchezo wa tano na Andrew Bogut aliumia, nao hawakosei. Sijui fainali nyingine ambayo mtu mmoja alishika kila safu ya karatasi namna ile.

Kareem anastahili aya zaidi ya hii, kwa kuwa MVP sita bado ni rekodi, na alikuwa MVP wa fainali 1971 kisha tena 1985 akiwa na miaka 38. Kinachomshusha katika midomo ya watu ni kwamba skaihuku, mtupo wake wa mkono mmoja juu ya kichwa, haipendezi kama danki na kwamba ubingwa wake mitano kati ya sita aliupata na Magic Johnson. Stephen Curry hashindi swali lolote kati ya matatu ya kwanza, ila la nne ni lake: mitupo 402 ya pointi tatu msimu wa 2015-16, wakati rekodi ya awali, yake mwenyewe, ilikuwa 286. Magic, Larry Bird na Tim Duncan wataingia kumi bora za karibu kila mtu, na ugomvi wa nani wa sita na nani wa tisa haunisumbui.

Kura yangu, basi. Kwa jumla ya kazi ni LeBron, kisha Kareem, na sioni wa tatu aliye karibu. Kwa kilele ni Jordan wa 1988 hadi 1993: misimu sita, mfungaji bora kila msimu, kikosi cha kwanza cha ulinzi kila msimu, ubingwa mara tatu, huku akipoteza mpira mara chache kwa mtu aliyeushika kiasi kile. Katika maisha yake yote ya uchezaji alipoteza mipira 2.7 kwa mechi, LeBron 3.5. Kwa kuwa neno "bora" kwangu linauliza mtu alifika wapi kabla ya kuuliza alikaa muda gani, jina langu ni Jordan. Ila ningekuwa naunda timu ya kudumu miaka ishirini na nikamwacha LeBron, ningefukuzwa kazi kwa haki.

Na nikimchagua Jordan sipewi ruhusa ya kumjazia yale ambayo hakuyacheza. Ile hoja kwamba "asingestaafu angekuwa na pete nane" inaudhi, kwa sababu pete hizo zina wenyewe. Za 1994 na 1995 ni za Houston Rockets wa Olajuwon, ambaye mwaka 1994 alikuwa MVP, mlinzi bora na MVP wa fainali katika msimu mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi kuzikusanya zote tatu kwa mkupuo, Jordan akiwamo.